Dondoo muhimu: Tindikali na Besi katika Oili ya Injini

Ewe mwenye lori lipandalo kutoka Bonde la Rukwa hadi Sumbawanga na shehena ya mpunga, fahamu kwamba salfa iliyomo katika dizeli, ikiungua, huzaa tindikali iwezayo kula beringi, na kwamba oili mpya huja na akiba ya besi ya kuizima, nayo hupimwa kwa miligramu za haidroksidi ya potasiamu kwa kila gramu ya oili. Aghalabu akiba hiyo huwa kati ya 8 na 12. Ikipungua hadi nusu, au tindikali ikipanda hata ikakaribia kuifikia, badili oili bila ya kusita. Weusi pekee si hoja, kwani masizi huitia rangi mapema. Chota sampuli injini ingali na moto, katika chupa safi na kavu, uandike kilomita, kisha uipeleke maabara pamoja na oili mpya ya aina ile ile, ili wapate cha kulinganisha.