Dondoo muhimu: Ukiita usafiri kwa simu

Jijini Dar es Salaam, bodaboda, bajaji na teksi huitwa kwa programu za simu kama Bolt. Kabla hujapanda, linganisha namba ya chombo na ile iliyo kwenye simu yako. Picha ya dereva pekee haitoshi.

Dereva akikupigia na kukuomba ufute safari ili mlipane pembeni, kataa. Hili nalisisitiza. Makato ya kampuni yenye programu yanamuumiza, ni kweli. Lakini ukishafuta, kumbukumbu zitaonyesha hukusafiri kabisa. Ukisahau mkoba au ukipata ajali, huna pa kuanzia.

Bei hupanda mvua inaponyesha na watu wanapotoka kazini. Ukiweza, subiri kidogo, au panda basi la mwendokasi hadi kituo cha karibu na kwako, kisha uite bajaji ya kumalizia.

Usiku, mtumie ndugu yako kiungo cha safari. Kwenye bodaboda dai kofia ngumu, hata kama ni mwendo wa dakika tano.