Radi, kable na ule waya wa shaba

Ndugu mtumikaji, nawe mama wa nyumba,

Wakati wa mvua, radi inapiga sana huku kwetu Katanga. Na umeme wa machimbo unasafiri mbali juu ya nguzo: njia ya Inga mpaka Kolwezi, iliyoanza kazi mwaka 1982, ina karibu kilometa 1 700. Radi ikipiga waya wa juu, volti zinapanda kupita kiasi na kukimbia pande zote mbili, kabla hujapepesa jicho.

Hewa inayozunguka waya wa juu ikipasuliwa na cheche, inajirudi yenyewe. Lakini kable iliyofukiwa ina ngozi ya kuzuia umeme. Ngozi hiyo ikitoboka haiponi. Pengine tundu ni dogo kama la sindano. Kable inaendelea na kazi, kisha siku moja inakufa ghafula.

Nani analinda kable? Ni parafudre. Inakaa juu ya nguzo, pale waya wa juu unapoungana na kable inayoingia udongoni. Siku zote imefunga mlango. Volti zikizidi inafungua, inazipeleka udongoni, kisha inafunga tena. Njia yake ni waya wa shaba unaoshuka na nguzo. Waya huo ukikatwa, parafudre haina kazi.

Na wako watu wanaoukata ili kuuza shaba! Fikiri: radi inapiga, kable inatoboka, pompe zinasimama, maji yanapanda, mashini za hewa zinanyamaza. Na chini yuko mume wako, baba ya watoto wako. Kilo ya shaba ni bei gani mbele ya pumzi yake?

Basi tushike haya:

1. Ukiona waya umekatwa au parafudre imepasuka, usiguse, usikaribie. Mwambie mkubwa wako wa kazi upesi.

2. Fundi wa umeme, waya wa udongo uwe mfupi na ulionyooka. Kila meta unayoongeza inaongeza volti juu ya kable. Upime kabla ya mvua kuanza.

3. Radi ikinguruma, usijikinge chini ya nguzo. Nyumbani, chomoa redio na televizyo mapema, mvua ikiwa bado mbali.

4. Mama, mtoto akileta kipande cha waya, muulize amekitoa wapi.

Waya ni mwembamba, lakini umeshika maisha ya wengi. Tuulinde.