Somo la 14: Utando Unaolinda Chuma

Katika somo lililopita ulijifunza kwamba chuma hushika kutu kinapokutana na maji na oksijeni ya hewani. Kutu ni oksidi ya chuma. Hubanduka upesi, na maji na hewa hupenya hadi chuma kilicho chini yake.

Sasa tazama kijiko king'aacho. Mbona hakishiki kutu? Kimetengenezwa kwa chuma kilichochanganywa na kromiamu, isiyopungua sehemu 10.5 katika kila sehemu 100. Harry Brearley alitengeneza chuma cha namna hii mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Kromiamu huungana na oksijeni na kufanya utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando huo nao ni oksidi, lakini haubanduki. Ukikwaruzwa, hujiziba wenyewe.

Hata hivyo, utando huo una adui, nayo ni chumvi. Maji ya bahari huuvunja mahali padogo na kuchimba vishimo katika chuma. Bomba lionekanalo zima huweza kutoboka ghafla.

Kwa sababu hiyo, mafundi huweza kuongeza tabaka la kauri, yaani kitu kigumu kilicho jamii moja na vigae. Hutumia oksidi ya alumini au oksidi ya zirkoniamu. Vitu hivi vimekwisha kuungana na oksijeni, basi hewa haiwezi kuvila tena. Njia mojawapo ni kuyeyusha unga wake kwa moto mkali sana na kuurusha juu ya chuma.

Lakini kumbuka: chuma kikipata moto hutanuka kuliko kauri. Tabaka likipasuka, maji ya chumvi hupita katika ufa.

Jaribio

Chukua misumari mitatu ya chuma isiyopakwa kitu. Isugue kwa msasa. Uache wa kwanza mtupu. Paka wa pili na wa tatu mafuta ya mgando, kisha ukwaruze mafuta ya msumari wa tatu kwa kijiti. Tia kila msumari katika glasi yake ya maji ya chumvi. Itazame baada ya siku nne.

Maswali

1. Kutu imetokea wapi katika kila msumari?
2. Oksidi ya kromiamu na kutu zinatofautianaje?
3. Kwa nini kikombe cha enameli hushika kutu mahali kilipobanduka?