Maliza kemia yako kwanza, mdogo wangu

Wadogo zangu wa Butembo na Beni, leo naongea na ninyi mnaotaka kutoka ISTM, chuo cha ufundi wa tiba, au kutoka kazini, kwenda kusoma udaktari, kilimo, mifugo au sayansi nyingine chuo kikuu. Barua zenu zinafanana sana, kwa hiyo nachukua moja ya msichana wa Beni iwe kwa niaba ya zote: "Yaya, mimi ni muuguzi A2, niko kwenye senta ya afya tangu nimalize shule ya uuguzi, ITM. Nataka kuingia udaktari Butembo mwaka huu huu. Baba yuko tayari kuuza kakao yote. Watu wananiambia nisome kwanza kemia na fizikia. Si ni kupoteza wakati?"

Hapana, mdogo wangu, hupotezi wakati. Kitu kitakachokupotezea wakati ni kurudia mwaka wa kwanza, na pengine kuurudia tena, huku kakao ya baba imekwisha.

Mwaka wa kwanza wa udaktari hauna wagonjwa. Una biolojia ya seli, kemia ya jumla, kemia ya kaboni, fizikia, hesabu na takwimu. Wewe unajua kupata mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji saa nane ya usiku, kwa mwanga wa simu. Ujuzi huo ni mkubwa na utakuja kukusaidia, lakini mwaka wa kwanza hakuna profesa atakayekuuliza habari zake. Atakuuliza gramu 9 za chumvi ya mezani ni moli ngapi. Pembeni yako atakaa kijana wa miaka kumi na minane aliyetoka opsheni ya Biolojia-Kemia, ambaye amekaa humanite miaka minne akifanya mazoezi hayo kila wiki. Miaka hiyo hiyo wewe ulikuwa staji, unabadilisha bendeji. Kijana huyo hakuzidi akili. Amekuzidi saa za mazoezi tu, na saa unaweza kuzifidia ukipanga.

Wala usijidharau ukadhani unaanzia sifuri. Tangu Ebola ilipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, iliua watu zaidi ya 2,200 kwetu huku. Siku zile kila senta ya afya ilikuwa na maji ya klorini ya aina mbili: ya asilimia 0.5 kwa sakafu na vifaa, na ya asilimia 0.05 kwa mikono. Mliokuwa kazini mnakumbuka: lita 2 za ile kali, unaongeza lita 18 za maji, ndoo ya lita 20 imekuwa tayari kwa mikono. Sasa chukua kalamu. 0.5 mara 2 ni 1. Na 0.05 mara 20 ni 1. Klorini haikupungua wala kuongezeka, imetawanyika tu ndani ya maji mengi zaidi. Hilo ndilo somo la uzimuaji, na liko katika kurasa za mwanzo za silabu ya kemia ya jumla. Ukitaka kupanda ngazi moja, jiulize kwa nini unga wa klorini wa asilimia 70 unawekwa gramu 7 kwa kila lita ili upate ile ya 0.5. Gramu 7 zenye asilimia 70 zinatoa karibu gramu 5 za klorini yenyewe, na gramu 5 ndani ya lita moja ni asilimia 0.5. Umeona? Mikono yako ilijua zamani. Kilichobaki ni kuandika hesabu hiyo hatua kwa hatua, na vipimo vyake, mpaka msahihishaji aielewe bila kukuuliza. Hapo kwenye vipimo ndipo wengi wanaangukia: wanaacha mililita bila kuzigeuza kuwa lita, na jibu linapotoka mara elfu moja.

Niseme na hili, maana linanigusa. Novemba 2018, katikati ya ugonjwa ule, jaribio la dawa za Ebola lilianza Beni, kisha likafika Butembo na Katwa. Agosti 2019 ikajulikana kwamba dawa mbili, mAb114 na REGN-EB3, zinaokoa watu wengi kuliko zile nyingine zilizojaribiwa. Hiyo mAb114 chanzo chake ni damu ya Mkongomani aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, na Profesa Jean-Jacques Muyembe ni mmoja wa walioisukuma kazi hiyo tangu mwanzo. Wagonjwa waliojaribiwa dawa walikuwa wetu, na wauguzi waliowahudumia wengi walikuwa wetu. Ninachotaka mimi ni kuona mtoto wa Mulekera au wa Katwa akikaa upande ule mwingine wa meza, akisoma muundo wa protini na kuamua dawa ipi ijaribiwe. Mtu hafiki pale akiwa amekwepa kemia.

Sasa tupange. Hesabu na kemia ya jumla zianze pamoja, maana moli, logarithimu na pH ni hesabu tupu. Kemia ya kaboni ifuate, halafu ndipo biokemia. Atakayekwambia unaweza kusoma biokemia bila kemia ya kaboni amekudanganya. Utakariri majina ya vimeng'enya mpaka usiku wa mtihani na asubuhi yatakuwa yametoka. Fizikia usiiache nyuma. Shinikizo la damu, mtiririko wa serumu kwenye mrija, miale ya X, yote ni fizikia, na muuguzi anayeshika mambo hayo kila siku ana mifano ambayo kijana wa shule hana.

Wapi pa kusoma? Kama tayari uko ISTM, hasa sekisheni ya maabara, baadhi ya masomo haya yamo ndani ya programu yako. Yasome kama mtu anayehama, siyo kama mtu anayetafuta 10 kwa 20 apite. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mfumo wa LMD (lisanse, masta, doktora) umeingia nchini: mwaka ni krediti 60, lisanse ni krediti 180, na krediti uliyopata ni yako. Lakini nisikilizeni vizuri hapa. Krediti kuwa yako ISTM haina maana kwamba fakalti ya udaktari italazimika kuipokea. Fakalti inaangalia saa, inaangalia yaliyofundishwa, inaangalia alama, kisha inaamua yenyewe. Waliomaliza gradua ya zamani ISTM na kuingia udaktari mara nyingi walianzishwa mwaka wa kwanza. Kwa hiyo uliza kabla ya kuhama, na jibu ulipate kwa maandishi. Maneno ya koridoni, hata ya asistanti anayekupenda, hayasimami mbele ya kamati.

Karatasi zenu, wadogo zangu, zinanisumbua kuliko hata kemia. Omba releve ya alama kila mwaka unapomaliza, yenye sahihi na muhuri, usisubiri mwaka wa tatu. Chukua pia maelezo ya kila somo la sayansi: saa ngapi, krediti ngapi, sura zipi. Piga picha zote, mtumie ndugu aliye mji mwingine azihifadhi. Hatari ya barabara ya Beni mnaijua, na jinsi watu wanavyokimbia mashambulizi na kuacha nyumba mnajua. Diploma iliyoungua inachukua muda mrefu sana kupatikana tena.

Kwa wenye diploma ya Leta ya Biashara au Pedagojia wanaotaka kilimo au mifugo pale UCG, Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, ambacho Askofu Emmanuel Kataliko alikianzisha Butembo mwaka 1989: nendeni sekretarieti ya fakalti mwulize kama kuna mtihani wa kuingia na unahusu nini, kisha mtafute mwalimu wa kemia wa humanite awafundishe miezi kadhaa. Walimu wetu wanalipwa kidogo na wanajua kufundisha. Mkijikusanya watano, mzigo unakuwa mwepesi kwa kila mzazi.

Na wanaovuka mpaka wa Kasindi kwenda Uganda? Huko UNEB, bodi yao ya mitihani, ndiyo inayolinganisha diploma yetu na mtihani wao wa kidato cha sita, na kwa udaktari wanataka biolojia na kemia, hawana mchezo. Wana pia mwaka mmoja wa maandalizi, Higher Education Certificate, unaosimamiwa na NCHE, baraza lao la elimu ya juu, kwa asiye na masomo ya kutosha. Kabla ya kulipa chuo chochote, hakikisha kwanza programu hiyo inatambuliwa na NCHE. Kiingereza kianze hapa nyumbani, maana kujifunza moli na lugha mpya kwa pamoja kunachosha kichwa. Beni tuna UCBC, chuo kikuu kinachofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza, waulizeni.

Narudi kwako, muuguzi wangu. Baki kazini mwaka huu. Tafuta silabu ya kemia ya jumla ya mwaka wa kwanza, soma jioni ambazo huna zamu ya usiku, fanya mazoezi kwa kalamu bila kuangalia majibu. Ukiweza kumaliza mitihani ya miaka iliyopita na kupata 14 kwa 20 bila msaada, uko tayari. Ukipata 8, bado, na heri uijue hiyo 8 ukiwa bado na mshahara wako. Baba mwambie aanike kakao yake vizuri na auze kidogo kidogo. Minervali ya miaka mingi haitoki kwenye msimu mmoja. Na wiki hii, kabla ya lolote, nenda kwenye fakalti unayoitaka, omba orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza kwa maandishi, kisha niandikie yaliyomo ili tuanze nayo pamoja.