Mlinzi Hapigi Tarumbeta kwa Ajili ya Nyumba Yake Tu

Maandiko ya kusoma: Ezekieli 33:1-6, Luka 9:51-56, Mathayo 7:12

Katika Ezekieli 33 tunamwona mlinzi wa mji. Akiona upanga unakuja, kazi yake ni moja: apige tarumbeta. Sasa angalia vizuri. Hakuwekwa pale kwa ajili ya jamaa zake. Tarumbeta inasikika mji mzima, na asipoipiga, damu ya waliokufa inatakwa mkononi mwake.

1. Dunia nayo imeweka walinzi

Tarehe 25 Novemba 1981 Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio la kukomesha chuki na ubaguzi kwa sababu ya dini au imani. Mwaka 1986 akateuliwa mtaalamu maalum wa kufuatilia jambo hilo. Akipata habari kwamba watu wanaonewa kwa sababu ya imani yao, anaiandikia serikali ijieleze. Anazuru nchi zinazomkaribisha, na kila mwaka anatoa ripoti mbele ya mataifa. Hana polisi wala jela. Ana tarumbeta tu.

Wengine watasema, "Hayo ni mambo ya wakubwa, sisi tuombe tu." Lakini fikiria Eritrea. Mwaka 2002 serikali ya huko ilifunga makanisa yote isipokuwa ya Kiorthodoksi, Kikatoliki na Kilutheri. Wapentekoste kama sisi wakakamatwa wakiwa katika ibada za nyumbani. Helen Berhane, mwimbaji wa Injili, alikamatwa 2004 na kufungiwa ndani ya kontena la chuma. Hakuikana imani yake, na hakutoka mpaka 2006. Watu walimwombea, na watu waliandika barua pia. Hata Paulo kule Filipi aliimba usiku gerezani, na kulipokucha akadai haki yake ya uraia (Matendo 16:25, 37).

2. Waliotupigia sisi tarumbeta

Kati ya 2004 na 2010 kazi hiyo ya mtaalamu ilishikwa na Asma Jahangir, mwanasheria kutoka Pakistan. Kabla ya hapo, mwaka 1995, alimtetea kortini kijana Mkristo wa miaka 14 aliyehukumiwa kifo kwa madai ya kuukufuru Uislamu. Kijana akaachiliwa.

Na hapa kwetu? Hatujasahau Garissa, 2 Aprili 2015: watu 148 waliuawa, na Wakristo ndio waliotafutwa. Lakini Desemba mwaka huo huo, magaidi walisimamisha basi karibu na Mandera wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku hiyo, akafa Januari 2016. Sasa nauliza: sisi tunampigia nani tarumbeta?

3. Ubaguzi ulio mlangoni petu

Ndugu mmoja mwenye ploti hapa Eldoret aliniuliza, "Pastor, Mwislamu akija kuomba chumba, nimpe? Ama nimwambie zimejaa?" Nilimjibu: kama chumba kiko wazi na unasema zimejaa, kwanza umesema uongo. Pili, umemfanyia jirani kile ambacho hutaki mtoto wako afanyiwe akienda kupanga Mombasa au Garissa. Hiyo ndiyo Mathayo 7:12.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 32, inasema hivyo pia: mtu asinyimwe kazi, huduma wala haki yoyote kwa sababu ya dini, na asilazimishwe kufanya jambo lililo kinyume cha imani yake. Kwa hiyo yule msichana wa kazi ambaye ni Mwislamu, ukimwambia asipokuja kanisani Jumapili atafute kazi kwingine, hapo hujahubiri Injili. Umemtisha tu.

Yakobo na Yohana waliponyimwa nafasi na Wasamaria, walitaka kuita moto kutoka mbinguni. Yesu aliwakemea, kisha akaenda kijiji kingine. Hakuacha kuhubiri, alikataa moto. Hata sisi hatutaacha kuhubiri. Sheria inayomlinda jirani yako akienda msikitini Ijumaa ndiyo inayotulinda tukifanya krusedi. Ukiibomoa upande wake, jua na upande wako unaanguka.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Kwa nini mlinzi wa Ezekieli anawajibika kwa mji mzima?
2. Je, kuna mtu kazini, shuleni au kwenye ploti yako anayeonewa kwa sababu ya dini yake? Utasema nini, na kwa nani?
3. Soma Luka 10:30-37. Ungekuwa wewe ndiye uliyelala njiani, ungekubali msaada wa nani?

Maombi ya juma: Tuwaombee waamini walio gerezani Eritrea. Tuiombee Garissa na Mandera. Na kila mmoja amtaje kwa jina, mbele za Mungu, jirani mmoja wa dini nyingine, amwombee mema. Kisha juma hili ampigie hodi, amjulie hali. Amina.