Kuondoa Harufu ya Vyombo Vipya vya Plastiki

Wakulima wengi waendao mjini kuuza mazao Darajani hupita Michenzani kabla ya kurejea shamba, wakanunua ndoo, dumu au beseni la plastiki. Chombo ni kipya, chang'aa, na bei yake ni nafuu. Lakini kifunuliwapo nyumbani hutoa harufu kali, na maji yaliyolala ndani yake huwa na ladha mbaya. Yuko atiaye humo maziwa ya kuuza, na asubuhi yake mnunuzi huyakataa, hasara ikawa ya mwenye ng'ombe. Basi yakupasa, msomaji, kujua harufu hiyo yatoka wapi na jinsi ya kuiondoa.

Plastiki hutengenezwa kwa vitu vitokavyo katika mafuta ya petroli na gesi ya ardhini. Kiwandani huyeyushwa kwa moto ili iingie katika kalibu, na moto huo huharibu sehemu ndogo yake, ikazaa mivuke yenye harufu. Tena hutiwa rangi, na vitu vingine vya kuisaidia kustahimili jua. Mivuke hiyo imo ndani ya plastiki yenyewe, haikukaa juu tu kama vumbi, nayo hutoka kidogo kidogo. Kwa sababu hiyo kuosha mara moja hakutoshi. Na dukani vyombo hupachikwa kimoja ndani ya kingine, hewa isipate njia.

Dawa iliyo kubwa, basi, ni hewa, na hewa haina bei. Osha kwanza chombo kwa sabuni na maji ya uvuguvugu ambayo mkono waweza kuyavumilia. Maji yanayochemka yaweza kukipinda. Tumia kitambaa laini, si mchanga wala makumbi ya nazi, maana mikwaruzo hushika uchafu. Kisha tia vijiko vinne vya soda ya unga, ile itiwayo katika keki, kwa kila lita ya maji ya uvuguvugu. Jaza chombo, ukiache usiku kucha. Usipokuwa na soda, siki kikombe kimoja kwa vikombe vitatu vya maji hufaa. Suuza sana. Baada ya hapo kiweke wazi, kifuniko kando, mahali penye kivuli na upepo, kwa siku tatu au nne, hata juma zima. Jua la asubuhi moja au mbili husaidia, kwa kuwa joto huharakisha mivuke. Lakini chombo kiachwacho juani miezi mingi hukauka na kupasuka. Kikiwa na kifuniko ambacho huna budi kukifunga, weka ndani vipande vya mkaa mkavu katika kitambaa, uvibadili kila baada ya siku mbili.

Watu wengine hutia maganda ya machenza. Jina la Michenzani lenyewe latokana na michenza, wala sina neno na tunda hilo. Lakini mafuta ya ganda lake huingia katika plastiki yakakaa humo, ukawa na harufu mbili badala ya moja. Manukato ni hivyo hivyo. Desturi njema ya kufukiza mtungi kwa udi ni ya mtungi wa udongo. Plastiki juu ya chetezo itayeyuka. Usipanguse gundi ya karatasi ya bei kwa mafuta ya taa, kwani hayatoki upesi. Wala usichanganye siki na dawa ya klorini ya kufulia: hutoa hewa ya sumu.

Ili kujaribu, jaza maji safi, funika usiku mmoja, unuse asubuhi. Kama yanuka, rudia. Lakini jaribio la maji halitoshi kwa maziwa, samli na mafuta ya nazi, kwa kuwa mivuke hiyo hupenda mafuta kuliko maji. Vitu hivyo viweke katika chupa za kioo au vyombo vya chuma visivyoshika kutu, au katika plastiki iliyopigwa alama ya bilauri na uma, ambayo maana yake ni kwamba imefanywa kwa ajili ya chakula. Ndoo ambayo baada ya majuma mawili ingali ikinuka, itie alama, uchukulie samadi au majivu.

Hayo yote ni ya chombo kipya. Dumu lililokwisha kutumika ni jambo jingine, na hapa nakusihi uwe mkali. Muulize muuzaji lilitiwa nini; asipojua, usilinunue kwa maji wala chakula, hata kama halinuki. Dumu la dawa ya wadudu haliwi safi kwa soda, wala kwa siki, wala kwa jua la mwaka mzima, maana sumu huingia katika plastiki na nyingine haina harufu. Likiisha dawa, lisuuze mara tatu, na kila mara mimina maji hayo katika bomba la kunyunyizia, uyatumie shambani pale pale. Kisha litoboe chini na ubavuni ili mtoto asilichotee maji. Usilichome moto wala kulitupa kisimani au mtoni. Lihifadhi mbali na nyumba, chini ya kufuli, mpaka umwulize bwana shamba wa shehia yako lipelekwe wapi.