Mionzi ni dawa, lakini kwa kipimo

Baada ya darsa mzee mmoja aliniuliza: “Ustadhi, nina saratani ya pafu, imewahiwa, lakini siwezi kupasuliwa. Wanataka kunipiga mionzi. Si itanimaliza?” Swali lile lilinirudisha vitabuni.

Mionzi huua saratani, na ikizidi huharibu hata kilicho kizima. Kipimo chake huitwa grei. Mwaka 2010 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 55 wasioweza kupasuliwa, wenye uvimbe wa pembeni mwa pafu. Walipewa grei 54 kwa mara tatu, na baada ya miaka mitatu uvimbe ulikuwa umedhibitiwa kwa takriban asilimia 98.

Lakini uvimbe ukiwa karibu na njia kuu za hewa, vipimo vikali vya mara tatu vilionekana mwaka 2006 kuleta madhara makubwa zaidi. Tiba haikuachwa, ila iligawanywa: utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulitumia mara tano, grei 10 hadi 12 kila mara.

Nikamjibu: “Mzee wangu, muulize daktari uvimbe uko wapi, na kipimo ni kipi kwa mara ngapi. Kutawakali hakumzuii mtu kutibiwa.”

Wallahu a’alam.